Kompyuta Iliyoipigia Kura Miguu ya Bibi Kunigunda

Mansuetus Kinunda,
Kata ya Matiri,
Mbinga, Ruvuma.

Kwa Daktari Msimamizi,
Utafiti wa Dawa ya Mishipa ya Fahamu,
Mbinga Mjini.

YAH: KUTAKA SIRI YENU IFUNGULIWE BILA KUCHELEWA

Daktari mheshimiwa,

Shikamoo. Sijawahi kukuona uso kwa uso, kwa hiyo kama umri wako ni mdogo kuliko wangu, naomba hiyo shikamoo umkabidhi Nesi Sumaiya anirudishie. Nina wazee wengi huku wa kuwapa.

Mimi ni mjukuu wa Bibi Kunigunda, yule mgonjwa wenu wa kisukari ambaye nyayo zinamwaka kama amekanyaga majivu ya moto, na papo hapo zina ganzi kiasi kwamba kandambili ikimvuka njiani hajui mpaka aambiwe na watoto. Ndiye mimi ninayemleta kliniki kwa pikipiki, kwa mwendo wa heshima. Elimu yangu ni Kidato cha Pili. Sikufukuzwa. Mimi na shule tuliachana kwa makubaliano, ingawa nilipofika ofisini makubaliano yalikuwa yameshaandikwa. Kiingereza nakielewa vizuri, tatizo ni hao wanaokizungumza. Nayasema haya ili ujue kwamba anayekulalamikia si mtu wa hivihivi.

Ninachotaka ni kidogo sana. Bibi anataka kushuka mwenyewe kwenye ngolo zake, yaani yale mashimo ya kilimo chetu cha mlimani, apalilie maharage kwa mkono wake kama zamani. Shamba liko mteremkoni. Pikipiki haifiki, na nikitaka kumbeba mgongoni anakataa, anasema yeye si mfuko wa mbolea. Ninyi mmempa kopo la vidonge. Nesi Sumaiya mwenyewe alituambia mapema, tena bila kuona haya, kwamba makopo mengine yana dawa na mengine yana vidonge vitupu, na kwamba hakuna hata mmoja kati yetu atakayejua nani ana nini mpaka utafiti uishe. Mimi nataka kujua sasa. Sababu zangu nimezipa namba ili msipotee.

1. Nimebaguliwa kwa sababu ya afya.

Siku ya kwanza nilijitolea na mimi niingie kwenye utafiti. Nia yangu ilikuwa safi: tukiwa wawili nyumbani, uwezekano wa kopo la kweli kuingia kwetu unaongezeka. Nikasema nami miguu haisikii. Nesi akaniambia nivue viatu, nifumbe macho, halafu akawa ananigusa nyayo kwa kile kiuzi chenu cha plastiki, nami niseme ndiyo kila ninaposikia. Akagusa, nikasema sijasikia. Akagusa kidole gumba, nikasema hapo pia sijasikia. Akagusa kisigino, nikamwambia kwa masikitiko kwamba kisigino ndicho kimekufa kabisa. Akaniuliza, "Sasa kaka, kama husikii, unajuaje kwamba nimegusa?"

Daktari, hilo si swali la kumuuliza mgonjwa. Nikatolewa nje kwa kosa la kuwa mzima. Nchi hii watu wanahimizwa watunze afya, halafu anayeitunza anaambiwa avae viatu aondoke.

2. Kompyuta haikuuliza kitu.

Nilidhani mtakaa kikao, mtazame nani anateseka zaidi, mumpe kopo la kweli. Kumbe ni kura! Tena kura yenyewe inapigwa na kompyuta iliyoko mbali, ambayo haijawahi kufika Matiri na haimjui mtu. Huku kwetu mchuuzi Adinani akipandisha usipi, vile visamaki vya ziwani, kutoka Mbamba Bay, hata kama ndoo zimebaki mbili, watu wanajipanga kwa akili: wazee kwanza, wajane wafuate, kisha wenye wagonjwa. Bibi Kunigunda ni vyote vitatu. Angepaswa kupewa makopo matatu.

Nilimwambia Nesi kwamba niko tayari kwenda kukaa pembeni ya hiyo kompyuta niwe naishauri. Akanieleza kwa upole kwamba tukichagua kwa huruma, wagonjwa wazito wote watarundikana upande mmoja na wepesi upande mwingine, na mwisho hatutajua kama aliyepona kaponywa na dawa au alikuwa anaelekea kupona tu. Kura inawachanganya watu ili pande zote mbili zifanane. Nimeelewa. Ila kuelewa na kukubali ni ofisi mbili tofauti.

3. Upofu wa makusudi.

Nesi hajui. Wewe daktari, nimeambiwa, hujui. Bibi hajui. Anayepima hajui anampima nani. Sijawahi kuona kazi inayosifiwa kwa sababu wote walioko kazini hawajui. Mimi fundi wa pikipiki nikimwambia mteja sijui nimefunga plagi mpya au ya zamani, ananichapa.

Na msidhani hili ni geni kwetu. Kuna mwaka kahawa yetu ilipelekwa kwa waonjaji, wakawekewa vikombe vyenye namba bila majina ya vijiji. Wakaonja, wakatema, wakaandika. Matokeo: Mbuji juu, Matiri chini. Aibu iliyoje! Nilisema siku ile na leo narudia: kama wangejua kikombe kile ni cha Matiri, ingewakolea vizuri zaidi. Nesi Sumaiya aliposikia mfano huu alicheka mpaka akaweka kalamu chini, akaniambia, "Mansuetus, umeieleza kazi yetu kuliko mimi." Sijui alikuwa anakubaliana na nini.

4. Hata uongo mmeutia uchungu.

Hapa naomba uketi vizuri. Kwenye utafiti huu yumo pia Bibi Albina, mke wa mdogo wake marehemu Babu, nyumba yake na yetu zinatazamana. Naye ana kisukari na miguu yake inawaka. Kwa kuwa mimi ulimi wangu unajua kahawa iliyoungua na iliyokaangwa sawa, nilifungua kidonge kimoja cha Bibi Kunigunda na kimoja cha Bibi Albina, nikalamba. Vyote vichungu! Uchungu uleule, rangi ileile ya kijani kibichi, hata ule unga unagandia kwenye jino mahali palepale. Maana yake kuna mtu mahali fulani ameajiriwa, ana mke na watoto, na kazi yake ni kutengeneza uchungu wa kidonge ambacho hakina kitu. Mfanyabiashara wa Mbinga akitengeneza kahawa bandia kwa ufundi huo anapelekwa polisi. Ninyi mmepewa kibali chenye mhuri.

Nesi alipopata habari kwamba nimelamba alinikaripia kweli, si kwa utani, akaniambia dawa ya kujaribiwa si pipi, na kama moyo ungenienda mbio angemwambia nini Bibi. Akaniangalia mpaka mboni za macho. Nilikuwa mzima, kama kawaida yangu, na hilo nalo halikunisaidia kuingizwa kwenye utafiti.

5. Namba zenu hazijui adabu.

Kila wiki Nesi anapiga simu. "Shikamoo Bibi, miguu inaendeleaje?" Bibi anajibu, "Nzuri, mwanangu." Angejibu nini? Mtu mzima akisalimiwa anasema nzuri hata kama paa limeanguka, ndipo baadaye, mkishaulizana habari za watoto, kahawa na mvua, unamwambia kwamba, aa, paa limeanguka. Nesi anajua, ni mtoto wa hapohapo mjini, anasubiri. Lakini mwisho lazima aulize namba: kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi?

Bibi anasema tatu. Tatu! Mtu anayelala miguu iko kwenye beseni la maji! Nilipomuuliza kwa nini, akasema kumi ilikuwa siku aliyomzaa Baba Mkubwa Joakim, aliyetanguliza makalio. Ukilinganisha na Joakim, miguu ni tatu, na asingependa kumdanganya binti wa watu.

Bibi Albina siku ya kwanza alisema kumi. Alisoma mpaka darasa la nne na hakuna mwalimu aliyewahi kumpa kumi, kwa hiyo alipoambiwa achague mwenyewe alijipatia. Sasa hivi amesema nne, na kliniki nzima inafurahi kwamba ameshuka. Bibi yangu alisema tatu, leo anasema tatu, na inaonekana hajasogea. Hapo ndipo roho iliponiuma, Daktari. Bibi Albina anapita mbele ya nyumba yetu akienda kisimani, anatembea kwa madaha, anamuuliza Bibi yangu, "Dada, wewe hata nafuu kidogo hujapata?" Bibi anajibu nzuri.

6. Mbuzi wetu kachafuliwa jina.

Mmesema madhara yote ya dawa yaandikwe. Sawa. Bibi Albina akasema kinywa kinakauka na anasinzia kanisani, ikaandikwa. Bibi Kunigunda naye akasema anasinzia kanisani, ikaandikwa, ingawa mimi ni shahidi kwamba alikuwa anasinzia kanisani tangu padri yule aliyepita. Halafu siku moja mbuzi wetu alimpiga Bibi kichwa kwenye kiuno, akamwangusha, wakati anamfunga kamba. Nesi akauliza kama kuna jambo lolote limempata tangu simu iliyopita. Bibi, mtu wa kweli, akataja mbuzi. Ikaandikwa!

Nikaenda mpaka mjini kutaka mbuzi afutwe. Nikaambiwa hafutwi mtu wala mnyama: kila jambo linaandikwa kwanza, lihusike lisihusike, na baadaye watapima kama wanaokunywa dawa wanaangushwa zaidi kuliko wanaokunywa vitupu, maana huenda dawa ndiyo inayomfanya mtu ayumbe asimkwepe mbuzi. Mbuzi mwenyewe hakuitwa kujitetea.

7. Tulisahihisha kosa lenu, hatukushukuriwa.

Wewe huenda hujui sengu, basi nikufundishe. Sengu ni ukoo kula pamoja. Kila nyumba inaleta chungu chake, vyungu vinakaa katikati, tunakula, na hakuna anayeuliza tonge alilokula limetoka chungu cha nani. Ukiuliza unatazamwa mpaka unanyamaza mwenyewe. Sasa kwenye ukoo kama huo mnaleta makopo mawili, moja huenda lina kitu na lingine huenda halina, na mnasema kila mtu ale lake kimyakimya!

Jambo likafikishwa kwa Baba Mkubwa Joakim, ambaye ndiye mkubwa wa sengu yetu kwa sasa. Akasikiliza, akasafisha koo, akasema, "Hapa hakuna anayeshiba peke yake." Basi asubuhi iliyofuata vidonge vya Bibi Kunigunda na vya Bibi Albina vikafunguliwa, unga wake ukamwagwa kwenye bakuli moja la uji, bibi wawili wakapewa vijiko viwili. Kila mtu akapata nusu ya ukweli na nusu ya uongo. Niambie, kuna haki iliyozidi hiyo?

Tuliendelea hivyo mpaka Bibi alipomweleza Nesi kwenye simu, kwa fahari, akidhani atasifiwa. Nesi alikuja mwenyewe na bodaboda siku hiyohiyo. Alipoliona bakuli akakaa chini. Kiti kilikuwa mbali kidogo lakini alikaa tu. Kisha akaongea na wazee kwa heshima. Akasema tukichanganya hivi, hata kama dawa ni nzuri itaonekana haifai, na watu wengine wengi wenye miguu kama hii, ambao hatuwajui na hawatujui, watanyimwa kwa sababu ya uji wetu. Baba Mkubwa akasema kama hao watu wengine nao wanakula kwenye bakuli hili, basi sengu imekuwa kubwa kuliko alivyodhani. Makopo yakarudi kila moja nyumbani kwake.

Ndipo nikauliza: sasa hawa bibi, baada ya uji, mtawahesabu upande gani? Nesi akajibu, upande uleule kura ilikowaweka. Nikashika kichwa. Akaeleza kwamba binadamu wakipewa dawa, wengine wanasahau, wengine wanagawana, wengine wanamwaga, na utafiti unataka kujua dawa inafanya nini mikononi mwa binadamu wa kweli, si wa kwenye picha. Sawa, lakini mngekuwa na utaratibu huo shuleni kwetu mimi leo ningekuwa na cheti, kwa sababu darasani niliwekwa, kilichotokea baadaye ni habari nyingine.

8. Kwa hiyo nadai yafuatayo.

Siri ifunguliwe, angalau upande wa Bibi Kunigunda. Nimeambiwa siri hufunguliwa tu mgonjwa akiwa kwenye hatari, na kwamba akishajua, ushuhuda wake hauhesabiki tena kama wa wengine. Usihesabike! Kama kopo lake ni tupu, apewe la kweli leo. Kama ni la kweli na halifanyi kazi, tuambiwe, tutafute mahali pengine, maana maharage hayasubiri. Na kama mtakataa, nitaanzisha utafiti wangu hapa Matiri. Utakuwa bora kuliko wenu: wote watapewa dawa, wote watajua, nitapima mimi, na nitawauliza mbele ya watu kama wamepona. Matokeo tayari ninayo, nasubiri tu wagonjwa.

Nimemaliza. Sina kinyongo na mtu.

Nisalimie wafanyakazi wote hapo kliniki, mlinzi wa getini anayenikataza kuegesha pikipiki kivulini, na fundi wa uchungu popote alipo. Nesi Sumaiya mwambie namheshimu, ila asinipigie simu kuhusu barua hii, anipigie kuhusu mambo mengine. Kompyuta nayo nisalimie, uiulize kama inamjua Kunigunda.

Mimi mtetezi wa miguu isiyo na mtetezi,

Mansuetus Kinunda
(Kidato cha Pili)

Nyongeza baada ya sahihi:

Daktari, nilipomaliza kusaini nilikwenda kumtafuta Bibi aweke dole gumba, kwa sababu miguu ni yake. Hakuwa kwenye mkeka. Jikoni hakuwepo. Bibi Albina naye akasema hajamwona, tukaanza kumwita. Akaitika kutoka chini, mteremkoni. Nimeshuka mbio nikamkuta amekaa ukingoni mwa ngolo anapalilia maharage, ameanza muda, magugu yameshalala rundo. Nikamuuliza umefikaje huku. Akasema, "Kwa miguu. Ulidhani nimekuja na nini?"

Nikamsomea barua yote palepale. Kwenye mbuzi alicheka mpaka akajishika mbavu. Nilipofika kwenye madai hakucheka. Akang'oa magugu kidogo, akaniuliza, "Na wakikuambia kidonge changu kilikuwa kitupu, hii miguu iliyonileta itarudi nyumbani na nani?"

Nikainama nikaanza kupalilia naye. Mimi!

Kwa hiyo naomba msifungue, miguu isije ikasikia. Namba nane isomeni kinyume. Asiambiwe Bibi, asiambiwe Bibi Albina, na zaidi ya wote nisiambiwe mimi, kwa sababu Bibi anausoma uso wangu kabla sijafungua mdomo. Barua naituma hivyohivyo kwa vile mwandiko umetoka vizuri na sina karatasi nyingine.

Tukija kliniki nitawauliza tena, najijua. Nitauliza kwa hasira, nikikataliwa nitauliza kwa kubembeleza. Msinijibu.